Aulizwe Mwenyewe

Sura ya 9 ya Injili ya Yohana ina ubishi wa majirani ambao mpaka leo haujaisha. Mtu aliyezaliwa kipofu ameanza kuona, na mtaa mzima umegawanyika. Wako wanaosema ndiye yule yule aliyekuwa akikaa kuomba. Wako wanaosema siye, wamefanana tu. Mwenyewe yupo hapo hapo, anasikia anavyojadiliwa, na anawaambia kuwa ni yeye. Hawaridhiki. Anapelekwa kwa Mafarisayo, nao wanawaita wazazi wake. Wazazi wanaogopa kutengwa na sinagogi, basi wanajivua: huyu ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe.

Walisema kwa woga, lakini walisema kweli. Ni nani mwenye haki ya kusema mtu fulani ni nani? Ni mganga, daktari, mzazi, shehe, padri, au ni yeye mwenyewe? Na kama ni yeye, afanyeje ikiwa kila anapofungua mdomo watu wanaona kituko wasisikie neno?

Siku hizi swali hilo limepanda jukwaani. Katika kumbi za Uingereza, Marekani na Australia wako watu waliojua ukubwani kwamba wana usonji, au kwamba ubongo wao unafanya kazi kwa namna isiyo ya kawaida, na ambao wameamua kuyasimulia maisha yao mbele ya hadhira wakiwa peke yao. Wengine husimulia kwa maneno matupu. Hannah Gadsby wa Tasmania aliuzungumzia usonji wake wazi katika onyesho lililoitwa Douglas, lililozunguka kumbi za nchi mbalimbali mwaka 2019. Wengine huimba kuanzia mwanzo hadi mwisho, mtu mmoja na ala yake. Na mwishoni mwa 2023 katika ukumbi wa Belasco jijini New York ulifunguliwa mchezo wa nyimbo uitwao How to Dance in Ohio, ambamo vijana saba wenye usonji waliigizwa na waigizaji saba ambao nao wana usonji. Mchezo ule ulifungwa Februari 2024, lakini kanuni yake imebaki mezani: habari ya mtu isimuliwe na anayeijua kwa ndani.

Kwa nini wimbo? Fikiria mtu anayeambiwa ana usonji akiwa na miaka 35. Mwilini mwake hakuna kilichobadilika siku hiyo. Anatoka kwa daktari na kichwa kile kile, masikio yale yale yanayoumia kwa kelele, hamu ile ile ya kupanga vitu kwa safu. Kilichobadilika ni yaliyopita. Fimbo za shuleni, harusi aliyoikimbia kabla ya chakula, rafiki aliyemkasirikia bila yeye kujua kosa lake, yote hayo yanasomeka upya. Wimbo una kiitikio, na kiitikio hurudia maneno yale yale baada ya kila ubeti, huku kila ubeti ukiyapa maana nyingine. Mtu anayejitambua ukubwani anaishi jambo hilo hilo: maneno ya maisha yake ni yale yale, ubeti mpya umeyageuza.

Goweko iko mbali na kumbi hizo. Ni kituo cha reli ya kati katika Wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora, kwenye nchi ya miombo, asali na mashamba ya mahindi. Hata hivyo mtu mmoja kusimama mbele ya wengi na kuimba yeye ni nani si jambo geni hapo. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo iliikata nchi hii kupitia Tura, Rubuga na Kigwa hadi Kazeh, mahali ambapo Richard Burton na John Speke walifika Novemba 1857 na ambapo leo panaitwa Tabora. Mbele ya kila msafara alitembea kirangozi, akiwa na bendera nyekundu ya Zanzibar na mavazi ya kumtofautisha na wengine. Nyuma yake walifuata wapagazi wa Kinyamwezi wenye mizigo ya kilo 30 na zaidi mabegani, na wimbo wao ulikwenda kwa mtindo mmoja: sauti moja inaanza, mamia yanaitikia. Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, misafara ikafa, mtindo ule haukufa.

Uliendelea katika ngoma. Manju wa Kinyamwezi au wa Kisukuma husimama mbele ya kundi lake akajitaja jina, mara nyingi jina alilojitungia, akataja ukoo, alikozaliwa, waliomwonea na aliowashinda. Wenzake wanaitikia, wapinzani wanasikiliza ili wajibu. Mwinamila na kundi lake la Hiari ya Moyo waliifanya Tabora ijulikane nchi nzima kwa sanaa hiyo. Katika tamthilia ya Kiswahili nako, Ebrahim Hussein alichapisha Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi mwaka 1976, kazi mbili zinazoweza kubebwa jukwaani na msimulizi mmoja, kwa desturi ya hadithi za Kiafrika. Chombo kipo, kimenolewa muda mrefu. Ambacho hakijazoeleka ni kukikabidhi kwa mtu ambaye kijiji kimekwisha kumhukumu.

Tuseme basi yupo kijana wa namna hiyo karibu na stesheni. Anajua mabehewa ya kila treni ya mizigo iliyopita wiki hii, na akiulizwa atayataja yote, hata asipoulizwa. Honi ikilia anaziba masikio na kuchuchumaa. Nguo mpya yenye lebo shingoni haivai mpaka ikatwe. Asubuhi anapita mbele ya wazee, wanamwambia mwangaluka, naye anapita macho yakiwa chini. Katika Unyamwezi salamu ndiyo mlango wa kila kitu. Mtu huulizwa alivyoamka, watu wa kwake walivyoamka, ndipo neno lingine lifuate. Anayeupita mlango huo kila siku bila kubisha hodi hapewi muda mrefu. Atasemwa ana kiburi. Au amelogwa. Au ana mashetani. Na mama yake atasemwa zaidi kuliko yeye.

Elimu ya tiba ina jina la nne. Leo Kanner, daktari wa Baltimore, aliueleza usonji mwaka 1943 baada ya kuwachunguza watoto 11. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao. Ni hali ya ukuaji wa ubongo: mtu huzaliwa nayo na kuzeeka nayo, hauambukizi, na hautokani na malezi mabaya. Huathiri namna ya kuwasiliana, ya kupokea sauti, mwanga na mguso, na ya kushikamana na utaratibu. Wapo wasiosema kabisa, wapo wanaosema mfululizo juu ya jambo moja. Kwa sababu dalili zake zilielezwa kwanza kwa kuwaangalia watoto, wengi wao wavulana, wanawake wengi na watu wazima wengi walipitwa.

Jina hilo ni la kweli zaidi kuliko yale matatu, nalo limewaokoa watu wengi na viboko na minyororo. Lakini nalo linatoka nje. Daktari anamtazama mtu, anaandika, anafunga faili. Ndipo Jim Sinclair, Mmarekani mwenye usonji, alipoingilia mwaka 1993 kwa hotuba iliyowaendea wazazi moja kwa moja. Aliwasihi wasimlilie mtoto wao kana kwamba amefichwa nyuma ya usonji na siku moja atatoka. Usonji, alieleza, umeenea katika kila hisia na kila wazo la mwenye nao. Ukiuondoa, anayebaki si mtoto yule. Kwa wazazi waliokuwa wakiomba muujiza, hayo yalikuwa maneno mazito, na wengi bado wanayapinga, hasa wale ambao watoto wao hujiumiza au hawalali usiku. Haki yao ya kuchoka ipo. Hata hivyo Sinclair alifanya jambo ambalo hakuna daktari angeweza kulifanya kwa niaba yake: alitoa ushahidi.

Unyamwezi uliwahi kuwa na njia yake ya kumpitisha mtu kutoka jina la nje hadi ushahidi wa ndani. Ni chama cha Buswezi, ambacho Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alikiandikia makala mwaka 1955. Mtu aliyesumbuka kwa maradhi au mikosi isiyoeleweka alipelekwa kwa mfumu, yaani mganga, naye akibaini kuwa ni pepo wa Kiswezi wanaomtaka, dawa yake ilikuwa kuingizwa chamani. Aliingizwa kwa siri, akafunzwa nyimbo, akapewa jina jipya na jamaa wapya wa kumsindikiza. Hakuna haja ya kudai kwamba mapepo yale yalikuwa usonji. Hayakuwa, na Mkristo au Mwislamu wa Goweko ana sababu zake za kuikataa njia ile. Inafaa tu kuuona mpangilio wake. Mgonjwa hakurudishwa nyumbani na jina la ugonjwa peke yake. Alirudi na wimbo, na kundi lililojua kuitikia wimbo huo.

Kliniki za leo zinatoa jina, mara nyingi haziwezi kutoa kundi.

Hapa falsafa ya Kiafrika inapaswa kujibu swali gumu. Ifeanyi Menkiti wa Nigeria aliandika mwaka 1984 kwamba katika fikra za Kiafrika mtu hazaliwi mtu kamili. Anakuwa mtu kwa kuingia katika jamii na kubeba wajibu wake, na yupo anayeweza kushindwa kufika. Ukiyachukua maneno hayo mpaka Goweko, kijana asiyeitikia salamu yuko mashakani. Ikiwa utu unapatikana kwa kushiriki, na yeye hashiriki kama wenzake, je, utu wake una upungufu? Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga Menkiti mwaka 1992: jamii inamlea mtu na kumtengeneza, ila haimpi utu, kwa kuwa utu anazaliwa nao pamoja na akili yake na uwezo wake wa kuchagua. Gyekye yuko karibu zaidi na haki. Lakini hata yeye anaegemea akili na uchaguzi, vitu ambavyo jirani mwenye haraka huvipima kwa salamu.

Njia bora ni kuugeuza mzigo wa Menkiti. Kama kushiriki ni sharti la utu, sharti hilo linawabana pia wanaopokea. Jamii isiyomsikiliza mmoja wao mpaka amalize ndiyo iliyoshindwa wajibu. Manju anajua hilo. Akiimba ubeti na kundi likanyamaza, aibu ni ya kundi.

Historia imeonyesha yanayotokea mtu mwenye kipaji anapopewa jukwaa akanyimwa ushahidi. Thomas Wiggins alizaliwa mtumwa huko Georgia, Marekani, mwaka 1849, kipofu, na watafiti wa baadaye, daktari Oliver Sacks akiwa mmoja wao, wamemhesabu miongoni mwa watu waliokuwa na usonji. Aliweza kusikia kipande cha piano mara moja akakipiga. Mwaka 1860, akiwa na miaka 11 hivi, alipiga piano Ikulu ya Marekani mbele ya Rais James Buchanan. Alijulikana kama Blind Tom, na alijaza kumbi kwa miongo kadhaa peke yake, mtu mmoja na piano. Lakini jukwaani alijitambulisha kwa kusema habari za Tom kana kwamba Tom ni mtu mwingine, kwa maneno aliyoyasikia kwa mabwana waliomtembeza. Utumwa ulifutwa mwaka 1865. Yeye alibaki mikononi mwa walezi, mahakama zikiwapa haki juu yake, na fedha alizoingiza zikaenda kwao. Alikufa mwaka 1908. Sauti yake ilisikika na maelfu, na hakuna aliyemuuliza yeye ni nani.

Kisa cha Donald Triplett kina sura nyingine. Ndiye mtoto wa kwanza katika orodha ile ya Kanner. Alizaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, Mississippi, na akiwa na miaka mitatu wazazi walishauriwa kumpeleka katika taasisi, wakamrudisha nyumbani baada ya mwaka mmoja hivi. Baadaye aliishi na mkulima na mkewe, watu wasio na watoto wala shahada. Donald alipenda kuhesabu na kupima kila kitu. Mkulima yule hakumzuia. Alimpa kazi ya kuchimba kisima na kuripoti kina chake, na alipoanza kuhesabu safu za mahindi bila kukoma, akampa plau na farasi azihesabu akilima. Kanner alimtembelea mwaka 1945 akashangaa kumkuta mvulana anayeishi vizuri. Donald alikua, akafanya kazi benki, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafa mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Mkulima wa Uyui anayepiga matuta yake kwa safu anaelewa mara moja alichofanya mwenzake wa Mississippi. Hesabu ile ilikuwa kauli ya mtoto, na mkulima aliijibu.

Dini zote mbili kubwa za Tabora zina mafunzo ya kina juu ya kujibu kwa namna hiyo. Katika Injili, kabla ya ubishi wa majirani, wanafunzi wa Yesu wanauliza aliyetenda dhambi ni nani, kipofu au wazazi wake, hata akazaliwa hivyo. Yesu anakataa yote mawili. Kila mama wa Kikristo anayenong'onwa kisimani ana haki ya kuishika sura hiyo mkononi.

Kwa Waislamu ipo Sura ya 80, Abasa. Wafasiri wanaeleza kwamba Mtume Muhammad alikuwa akizungumza na wakuu wa Makureshi, akitumai watasilimu, ndipo Abdullah ibn Umm Maktum, kipofu, akaingilia kati kutaka kufundishwa. Hakuiona hali ya baraza. Aliuliza pasipo wakati wake. Mtume alikunja uso, na aya zikashuka kumkosoa kwa kumpa kisogo aliyekuja mbio akitaka kujua. Tangu hapo Ibn Umm Maktum alikirimiwa. Aliadhini Madina sambamba na Bilal, na Mtume aliposafiri alimwachia mji zaidi ya mara moja. Mtu aliyekatiza mazungumzo ndiye aliyepewa sauti ya kuwaita wote kusali.

Fikihi inaongeza jambo linalohitaji uangalifu. Asiye na akili timamu hahesabiwi dhambi, na hiyo ni rehema kubwa. Lakini familia nyingine huichukua rehema hiyo kuwa kibali cha kunyamazisha: kwa kuwa hana hesabu, basi hana kauli, asiulizwe kuhusu ndoa yake, chakula chake wala mahali pa kulala. Sheria haikusema hivyo. Kusamehewa hesabu mbele ya Mungu hakumwondolei mtu haki ya kusema mbele ya watu, na wengi wenye usonji akili yao ni timamu kabisa, wala msamaha huo hauwahusu.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Siku ya usonji, 2 Aprili, huadhimishwa Dar es Salaam, ambako pia Shule ya Msingi Msimbazi Mseto ina kitengo cha watoto wenye usonji. Tabora ina historia ndefu ya kusomesha viziwi na wasioona. Hata hivyo ulemavu usioonekana kwa macho husubiri sana kwenye foleni, na Goweko iko mwisho wa foleni hiyo.

Kuna pingamizi ambalo haliwezi kupitwa. Jukwaa linawapendelea wenye maneno. Kati ya watoto 11 wa Kanner, watatu hawakuwa wakisema. Mtu kama huyo hataimba peke yake saa nzima, na wenye usonji wanaoimba vizuri New York au London hawawezi kutoa ushahidi kwa niaba yake, kama vile daktari asivyoweza. Je, naye aulizwe mwenyewe? Ndiyo, kwa njia anayoiweza: kwa picha za kuonyesha kidole, kwa kumwekea vitu viwili achague, kwa kuangalia anachokimbilia na anachokikimbia, na kwa kusubiri jibu kwa muda mrefu kuliko adabu ya kawaida inavyoruhusu. Kuziba masikio honi inapolia ni jibu tayari. Mzazi anayelitambua atamwondoa karibu na reli kabla ya treni kuingia, na hapo maongezi yameanza.

Kwa hiyo kazi ya Goweko haihitaji ukumbi wala taa. Mwalimu wa kwaya anaweza kumruhusu anayeimba akiwa amegeukia ukuta. Ustadhi wa madrasa anaweza kumkubali mwanafunzi asiyetoa mkono, akamsikiliza anavyohifadhi. Wazee wa ngoma wanaweza kumpa kijana wa mabehewa ubeti wake, aitaje treni nzima behewa kwa behewa, nao wakaitikia hadi la mwisho lipite. Asipoitikia mwangaluka kesho yake, watakuwa wamekwisha kujua salamu yake nyingine, na wamwamkie kwa hiyo.